Montreal Royals: Timu ya Daraja la Chini Iliyofungua Mlango

Septemba 1959, wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walitua New York kwa ndege moja ya kukodi. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya ndiye aliyehangaika huku na huku hadi wakapata nafasi vyuoni. Nauli yao ilichangwa na maelfu ya Wamarekani walioitikia barua iliyotiwa sahihi na watu watatu waliojulikana kote nchini mwao: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier, na mchezaji mstaafu wa besiboli, Jackie Robinson.

Miezi sita kabla ya safari hiyo, tarehe 3 Machi, wafungwa 11 wa kambi ya kikoloni walikuwa wameuawa kwa virungu hapa Hola kwa sababu walikataa kufanyishwa kazi ya kulazimishwa. Mwaka uliowapeleka vijana wale vyuoni ndio huo uliolijulisha jina la Hola duniani.

Jina la Robinson kwenye barua ile lilikuwa na uzito kwa sababu moja kubwa. Mwaka 1947 alikuwa mtu mweusi wa kwanza, baada ya zaidi ya miaka 60, kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Lakini hakuingia ligi kuu moja kwa moja. Alipitia timu ya daraja la chini huko Kanada, Montreal Royals, ambayo ilivunjwa 1960 na haijarudi tena. Historia yake inatufaa sisi wa Tana River kwa mambo mawili. Ni timu iliyofanya jambo ambalo timu kubwa zote zilikuwa zimeliogopa, na ni timu iliyouawa na uamuzi wa watu ambao hawakuishi nayo.

1897–1917: Mwanzo, na kifo cha kwanza

Besiboli si mchezo wetu, ila aliyesoma shule ya msingi Kenya na kuwaona wasichana wakicheza raundasi ana pa kuanzia. Mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu ya pili anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kutoka besi hadi besi akijaribu kuzunguka na kurudi alikoanzia. Akifanikiwa, timu yake inapata pointi. Wamarekani waliufanya mchezo wa namna hii kuwa kazi ya kulipwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kufikia miaka ya 1890 ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Kanada.

Montreal ilipata timu yake Julai 1897, katikati ya msimu, pale timu ya Rochester katika jimbo la New York ilipohamishiwa huko. Mwaka uliofuata, 1898, Montreal ikatwaa ubingwa wa Eastern League, ligi ambayo tangu 1912 imeitwa International League. Jiji lenyewe lilikuwa na lugha mbili: wengi wa wakazi wake walisema Kifaransa, huku biashara kubwa zikiwa mikononi mwa wasema Kiingereza. Besiboli ilikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyowakalisha pamoja.

Watu weusi hawakuwamo. Julai 1887, wenye timu za International League ya wakati huo walipitisha uamuzi wa kutotoa tena mikataba kwa wachezaji weusi. Mchezaji mweusi wa mwisho, Moses Fleetwood Walker, aliichezea Syracuse hadi 1889. Baada yake mlango ukafungwa kabisa, katika ligi hiyo na katika ligi kuu pia. Ligi kuu haikuandika sheria yoyote. Wenye timu waliafikiana kimya kimya, na ukimya huo ukadumu zaidi ya nusu karne. Tarehe hiyo ya 1887 tuiweke akilini, kwa maana ligi iliyoufunga mlango ndiyo iliyokuja kuufungua.

Royals wa kwanza walidumu hadi 1917. Vita Kuu ya Kwanza ilipowamaliza wachezaji na watazamaji, timu ikafa.

1928–1944: Uwanja mpya, wenyewe wapya

Ilifufuka 1928. Mwanasiasa wa Quebec Athanase David na mfanyabiashara Ernest Savard, pamoja na George Stallings aliyewahi kuiongoza Boston kutwaa ubingwa wa Marekani 1914, walikusanya mtaji, wakapata nafasi ligini na kujenga uwanja. Uwanja huo, Delorimier, ulikuwa kwenye kona ya barabara za Ontario na De Lorimier, mashariki mwa jiji, katikati ya mitaa ya wafanyakazi wasema Kifaransa. Uliingiza watu wapatao 20,000, idadi kubwa kwa timu ya daraja lile.

Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaporomoka, na viwanja vikaanza kubaki vitupu. Hapo ndipo Frank Shaughnessy, aliyekuwa akiiongoza Royals, alipotoa mchango ambao michezo ya Amerika Kaskazini inautumia hadi leo. Aliona kwamba timu moja ikishatangulia sana kwenye msimamo, kufikia Julai mashabiki wa timu nyingine hawaji tena. Akapendekeza timu nne za juu zicheze mtoano mwishoni mwa msimu. Mpango huo ulianza 1933. Kuanzia hapo hata timu ya nne ilikuwa na la kupigania hadi Septemba, na pesa za kiingilio zikarudi. Mwaka 1935 Shaughnessy aliifikisha Royals kileleni mwa ligi, kisha akawa rais wa International League kuanzia 1936 hadi 1960.

Mwaka 1939 yakaja mabadiliko yaliyoamua maisha na kifo cha timu: Royals waliingia chini ya Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu kutoka New York, ambao baadaye waliinunua kabisa.

Msomaji wa soka anahitaji kuuelewa vizuri mfumo huu. Kwetu timu ya daraja la chini ikishinda inapanda. Katika besiboli ya Marekani timu haipandi hata ikishinda miaka kumi mfululizo. Anayepanda ni mchezaji. Timu ya ligi kuu inamiliki au kufadhili timu kadhaa ndogo, inawasajili vijana kwa wingi, inawagawa kwa madaraja, na wakiiva inawachukua. Ni kama kitalu: miche inaoteshwa hapa, inamwagiliwa hapa, kisha inang'olewa na kupandwa katika shamba la mwenyewe. Aliyeujenga mfumo huo alikuwa Branch Rickey, kwanza akiwa St. Louis miaka ya 1920, na mwishoni mwa 1942 akahamia Brooklyn kuiongoza Dodgers. Kuanzia siku hiyo Royals walikuwa mkononi mwake.

1945: Mkataba

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imebadilisha mengi. Wanajeshi weusi waliopigana na ubaguzi wa Hitler walirudi nyumbani na kukuta ubaguzi wao unawangoja. Rickey alikuwa na sababu mbili. Aliamini kwamba kuwazuia watu weusi ni dhambi, na alijua kwamba timu itakayowasajili kwanza itashinda. Akamtuma skauti wake, yaani msaka vipaji, Clyde Sukeforth, amlete kijana aliyekuwa akiichezea Kansas City Monarchs katika ligi ya watu weusi.

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa Georgia tarehe 31 Januari 1919, akakulia California, akasoma chuo kikuu cha UCLA, kisha akawa luteni jeshini. Mwaka 1944 alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kosa lililotokana na kukataa kwake kuhamia nyuma ya basi, akaachiliwa huru. Tarehe 28 Agosti 1945 alikaa ofisini kwa Rickey, Brooklyn, kwa saa kadhaa. Rickey alimtukana kama ambavyo wachezaji na mashabiki wangemtukana, makusudi, ili amwonyeshe yanayomsubiri. Kisha akamtaka aahidi kutolipiza. Robinson, mtu mwenye hasira ya haki, aliahidi.

Tarehe 23 Oktoba 1945, mkataba ulitiwa sahihi hadharani katika ofisi za Royals kwenye Uwanja wa Delorimier, mbele ya waandishi wa habari, akiwepo rais wa timu Hector Racine. Robinson alipewa dola 3,500 za kusaini na mshahara wa dola 600 kwa mwezi.

Rickey alikuwa na sababu za kumpeleka Montreal. Kanada haikuwa na sheria za ubaguzi kama zile za kusini mwa Marekani, na lawama za Brooklyn zilikuwa mbali. Hata hivyo, Montreal nayo haikuwa pepo. Weusi wake wengi walikaa mtaa wa Saint-Antoine, na wanaume wengi hawakupata kazi nyingine ila upagazi wa treni. Jiji lilikuwa na la kujifunza.

Machi 1946: Florida

Kabla ya msimu kuanza, timu zilikwenda Florida kujiandaa, na Florida ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi. Robinson alikuwa amemwoa Rachel Isum tarehe 10 Februari, na safari hiyo ikawa fungate yao. Njiani walishushwa kwenye ndege mara mbili ili wengine wapate nafasi, wakamaliza safari kwa basi, wakiwa wamekalishwa viti vya nyuma kabisa.

Katika mji wa Sanford, vitisho viliwafanya waondoke haraka kurudi Daytona Beach. Huko wachezaji wa kizungu walilala hotelini karibu na bahari, na Robinson na mkewe wakapokelewa nyumbani kwa familia ya watu weusi. Jacksonville ilifunga uwanja wake kwa kufuli ili mechi isichezwe. DeLand ilitoa sababu kwamba taa za uwanja zimeharibika, ilhali mechi yenyewe ilikuwa ya mchana. Daytona Beach peke yake ndiyo iliyokubali, na tarehe 17 Machi Robinson akacheza huko mechi yake ya kwanza ya maandalizi dhidi ya Dodgers.

Meneja wa Royals, Clay Hopper, alikuwa mtu wa Mississippi. Rickey alisimulia baadaye kwamba siku moja alipousifu mchezo wa Robinson, Hopper alimgeukia na kumuuliza kama kweli anaamini mtu mweusi ni binadamu. Rickey hakumfukuza. Alimwachia timu, akamwachia na Robinson.

18 Aprili 1946: Siku ya kwanza

Msimu ulifunguliwa Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, na uwanja ukafurika. Mara ya kwanza Robinson alipopiga, mpira ulibingirika tu na akatolewa. Mara ya pili, katika awamu ya tatu, wenzake wawili wakiwa tayari kwenye besi, aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Mchezaji wa kizungu George Shuba, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alimngoja mwisho wa mzunguko akampa mkono. Picha ya mikono ile miwili ilichapishwa magazetini, na hadi leo ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi katika historia ya mchezo huo.

Kufikia mwisho wa mechi Robinson alikuwa amepiga mara nne kwa mafanikio katika majaribio matano, ameiba besi mbili na kufunga pointi nne. Mara mbili aliwatia warushaji kiwewe kwa kuruka-ruka kwenye besi ya tatu, akijifanya anaondoka, hadi wakakosea urushaji na mwamuzi akamruhusu aingie. Royals walishinda 14 kwa 1. Ligi iliyopitisha uamuzi wa 1887 ilikuwa imeuzika.

Majira ya joto ya 1946: Mtaa wa De Gaspé

Yaliyomtia Robinson nguvu hayakuwa ya uwanjani tu. Rachel alipokwenda kuomba nyumba ya kupanga katika namba 8232, barabara ya De Gaspé, mtaa wa wasema Kifaransa, alitarajia kufukuzwa kama alivyozoea kwao. Mwenye nyumba alimkaribisha ndani, akampa chai na kumpangishia pamoja na vyombo vyake. Rachel alikuwa mjamzito. Majirani, ambao wengi hawakusema Kiingereza, walimsaidia kushona nguo za uzazi, wakampa kuponi zao za chakula cha mgao, na watoto wa mtaa wakamsaidia kubeba mizigo kutoka sokoni. Kwa miaka mingi baadaye Rachel alizisimulia siku zile kwa shukrani.

Ugenini hali ilikuwa nyingine. Baltimore kulikuwa na matusi mazito. Huko Syracuse wachezaji wa timu pinzani walimtupia paka mweusi uwanjani wakimwita ndugu yake. Robinson aliendelea kucheza, lakini ahadi ya kutolipiza ilimla ndani kwa ndani. Alishindwa kula, alishindwa kulala, na kuelekea mwisho wa msimu daktari alimwamuru apumzike. Alipumzika kidogo, akarudi.

Msimu ulipoisha, Royals walikuwa wameshinda mechi 100 na kupoteza 54. Robinson aliongoza ligi nzima kwa wastani wa upigaji wa .349, yaani karibu mafanikio 35 katika kila majaribio 100, akaiba besi 40 na kufunga pointi 113. Zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamepita kwenye milango ya Delorimier.

Oktoba 1946: Ubingwa

Bingwa wa International League, mwaka huo Royals, alikutana na bingwa wa American Association, ligi nyingine ya daraja hilo, katika fainali ya ligi za madaraja ya chini. Wapinzani walikuwa Louisville Colonels wa Kentucky, na mechi tatu za kwanza zilichezwa kwao. Mashabiki wa Louisville walimzomea Robinson kila alipougusa mpira. Alicheza chini ya kiwango chake, na Royals wakarudi nyumbani wakiwa wameshinda mara moja na kufungwa mara mbili.

Habari za kuzomewa huko zilikuwa zimekwisha kufika Montreal. Kwenye baridi kali ya Oktoba mashabiki wa Delorimier waliwazomea wachezaji wote wa Louisville, mmoja mmoja, kila aliposhika gongo. Robinson aliandika baadaye kwamba hakupenda kuzomea kwenyewe, lakini alijua jiji limeamua kusimama naye. Katika mechi ya nne Royals walisawazisha wakiwa ukingoni, na katika muda wa nyongeza Robinson akapiga pigo la ushindi. Walishinda ya tano. Tarehe 4 Oktoba, mbele ya watu zaidi ya 19,000, walishinda ya sita 2 kwa 0, na ubingwa ukawa wao.

Watu hawakuondoka. Walimwita Robinson kwa kuimba hadi alipotoka chumba cha kubadilishia nguo, wakambeba juu juu, wakamkumbatia na kumbusu. Alipojinasua ili awahi safari, walimfuata mbio barabarani. Mwandishi Sam Maltin aliandika katika gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier kwamba huenda hiyo ndiyo siku pekee katika historia kwa mtu mweusi kukimbizwa na umati wa wazungu kwa mapenzi badala ya kutaka kumwua. Na Clay Hopper, yule wa Mississippi, alimpa Robinson mkono na kumwambia kwamba yeye ni mchezaji mkubwa na muungwana.

1947–1953: Miaka ya neema

Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliichezea Brooklyn mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Montreal ikawa imempoteza nyota wake, kama mfumo ulivyotaka, na ikaendelea kutoa wengine. Mdakaji Roy Campanella alipita hapo 1947. Mrushaji Don Newcombe alifuata, pamoja na Duke Snider, Sam Jethroe aliyeiba besi 89 mwaka 1949, Junior Gilliam, na Mkuba Sandy Amoros. Chuck Connors aliyecheza besi ya kwanza alikuja kuwa mwigizaji maarufu wa televisheni. Mrushaji Tommy Lasorda alikaa kuliko karibu wote na kuishindia Royals mechi nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote.

Timu ilitwaa tena ubingwa wa ligi za chini 1948 na 1953. Meneja wa kuanzia 1950, Walter Alston, alipandishwa kwenda Brooklyn 1954. Tarehe 4 Oktoba 1955 Dodgers walitwaa ubingwa wa Marekani kwa mara ya kwanza. Uti wa mgongo wa timu ile, kuanzia meneja, Robinson, Campanella, Newcombe, Snider na Gilliam hadi Amoros aliyedaka mpira uliookoa mechi ya mwisho, ulikuwa umepitia Delorimier. Kombe lilikwenda Brooklyn. Montreal ikabaki na fahari ya kuwajua wakiwa vijana.

1954: Kijana wa Puerto Rico

Hakuna kisa kinachoonyesha hatari ya mfumo huo kama cha Roberto Clemente. Dodgers walimsajili kutoka Puerto Rico 1954 kwa dola 10,000 za kusaini, wakampeleka Montreal akiwa na miaka 19. Kanuni za wakati huo zilisema mchezaji aliyelipwa zaidi ya dola 4,000 asipowekwa kwenye timu ya ligi kuu, timu nyingine zinaweza kumchukua mwisho wa msimu. Clemente alicheza mechi 87 tu katika msimu wa mechi 154. Wengi waliamini kwamba alikuwa akifichwa ili maskauti wasimwone, na Clemente mwenyewe alikaribia kukata tamaa na kurudi kwao.

Skauti mmoja alimwona: Clyde Sukeforth, yuleyule aliyempeleka Robinson kwa Rickey, sasa akiifanyia kazi Pittsburgh, ambako Rickey alikuwa amehamia. Tarehe 22 Novemba 1954 Pittsburgh ilimchukua kwa dola 4,000. Clemente alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mapigo 3,000 ya mafanikio, kisha akafa ajalini tarehe 31 Desemba 1972 akisindikiza msaada wa waathiriwa wa tetemeko la ardhi Nicaragua. Mashabiki wa Montreal walikuwa na mmoja wa wachezaji bora wa karne mbele ya macho yao, wakanyimwa kumtazama vya kutosha, pengine kwa sababu ya hesabu zilizofanywa Brooklyn.

1955–1960: Kushuka

Mwaka 1949 Marekani na Kanada zilikuwa na ligi ndogo 59 na watazamaji takribani milioni 40. Baada ya hapo televisheni ikaingia majumbani. Mtu aliyelipa kiingilio kuwaona vijana wa daraja la chini sasa aliwaona nyota wa ligi kuu bure sebuleni. Miaka kumi na kidogo baadaye watazamaji walikuwa wamepungua hadi robo, na ligi nyingi zimekufa. Montreal ilikuwa na mzigo wa ziada: timu yake ya hoki ya barafu, Canadiens, ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960, na macho ya jiji yakaelekea huko.

Pigo kubwa lilitoka kwa mwenye mali. Baada ya msimu wa 1957, Dodgers walihama Brooklyn na kwenda Los Angeles, upande wa pili wa bara. Montreal, iliyokuwa safari ya usiku mmoja kwa treni kutoka New York, sasa ilikuwa mbali kwa kila hali, na Dodgers wakawa na timu nyingine tanzu Spokane, karibu zaidi na makao yao mapya. Mwaka 1958 Royals walitwaa ubingwa wa ligi yao kwa mara ya mwisho. Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa yameharibika, uwanjani na langoni. Lasorda aliachwa 1960, katikati ya msimu. Septemba mwaka huo Royals walicheza mechi yao ya mwisho Delorimier, na Dodgers wakajitoa. Hakukuwa na kura ya mashabiki wala mkutano wa wanachama, kwa sababu timu haikuwa na wanachama. Ilikuwa na watazamaji.

1959: Kutoka Delorimier hadi Kenya

Robinson alistaafu Januari 1957 na kuingia biashara na harakati za haki za watu weusi. Alikuwa pia na safu gazetini. Huku Kenya, hali ya hatari ilikuwa ikielekea mwisho wake kwa ukatili. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 walitolewa kambini Hola kwenda shambani. Askari waliwapiga waliogoma, na 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukathibitisha kwamba waliuawa kwa vipigo. Julai hoja ikafika bungeni London, na hata mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, akailaani serikali yake.

Habari hizo zikiwa bado mbichi, Aprili na Mei Tom Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kutafuta nafasi za masomo. Kenya ingejitawala karibuni na haikuwa na chuo kikuu chake kamili. Shirika la kuwasaidia wanafunzi liliundwa New York, na Robinson akawa miongoni mwa waliotia sahihi barua ya maombi, akaandika kuihusu kwenye safu yake na kuchangia gharama. Mwaka 1960 alimwendea makamu wa rais Richard Nixon ili serikali ya Marekani igharamie ndege zaidi, na hatimaye wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai, aliyekuja kuwa mwanaharakati wa mazingira, alikuwa kwenye kundi la 1960. Hadi mpango ulipomalizika 1963, wanafunzi karibu 800 walikuwa wamekwenda, na wengi walirudi kuwa walimu, madaktari, mawaziri na wataalamu wa taifa jipya.

Robinson aliwachangia watu ambao hakuwajua kwa sababu alijua kutokana na maisha yake kwamba mtu mwenye kipaji hahitaji huruma. Anahitaji mtu mmoja mwenye ufunguo akubali kufungua. Alilijua hilo kutoka De Gaspé.

Baada ya Royals

Uwanja wa Delorimier ulibomolewa, na mahali pake pana shule, Pierre-Dupuy. Sanamu ya Robinson imesimama kwenye Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, na tangu 2011 nyumba ya De Gaspé ina bamba la kumbukumbu. Mwaka 1969 jiji lilipata timu ya ligi kuu, Expos, ya kwanza nje ya Marekani. Baada ya msimu wa 2004 nayo ikahamishwa kwenda Washington. Mara mbili jiji hilo limeipenda timu, na mara zote mbili limepokea habari za kuondoka kwake kutoka kwingine.

Kenya tumeyaona hayo. Oserian ya Naivasha, timu ya shamba la maua, ilikuwa bingwa wa taifa 2001 na 2002, na leo haimo ligini. Na Hola inajua kwa njia yake: Mto Tana ulipohama mkondo 1989, pampu za skimu ya umwagiliaji zilibaki kavu, pamba ikafa, na wakulima wakangoja miaka mingi uamuzi kutoka Nairobi. Anayetegemea mwenye mali aliye mbali, siku moja atasubiri jibu ambalo haliji.

Lakini Royals wanatufundisha pia upande wa pili. Hawakuwa na uwezo wa kupanda daraja, hawakumiliki wachezaji wao, na kila nyota wao aling'ara akiwa na jezi ya wengine. Hata hivyo, mwaka mmoja tu wa 1946 ulitosha kubadilisha mchezo mzima, kwa sababu mashabiki wa kawaida na majirani wa mtaa mmoja walimtendea mtu kama mtu. Vijana wanaocheza Hola, Garsen, Bura na Madogo wamo kwenye madaraja ambayo magazeti hayayaandiki. Sheria ya Michezo ya 2013 inaruhusu klabu kusajiliwa kwa katiba yake na viongozi waliochaguliwa. Zisajiliwe kwa majina ya wanachama, si ya mfadhili, ili siku mfadhili atakapoondoka timu ibaki. Montreal ilikuwa na uwanja, ubingwa na mapenzi ya watu, na yote hayo hayakuiokoa, kwa kuwa hati ya timu ilikuwa kabatini mwa mtu mwingine.